Kidhibiti kipya cha amotisa kwenye gari la spoti: maswali tunayoulizwa hapa Lubumbashi

Wengi huingia garaji wakiwa wameshaamua. Wameona video, wameona kisanduku cheusi kinachoenea kiganjani, na wanataka tukichomeke tu, leo, kabla ya saa kumi. Sisi tunawauliza maswali matatu, nao wanatuuliza ishirini. Haya hapa ndiyo yanayorudi mara nyingi. Majina ya kazi tumeyaacha kama yanavyosemwa kwetu: amotisa ni kile ambacho ndugu zetu wa Tanzania huita shokomzoba, kalkulateri ni kompyuta inayoamrisha, fishi ni plagi ya nyaya, valize ni mashine ya kusomea hitilafu, silambloki ni zile bushi za mpira, dodane ni tuta la barabarani, masi ni waya unaorudisha umeme kwenye bodi, duwane ni forodha, peaje ni kituo cha kulipia barabara, faktira ni ankara, na mutuka ni gari.

Hicho kidhibiti kinafanya nini hasa?

Amotisa ya kawaida ni mrija wa mafuta wenye pistoni yenye matundu. Mafuta yakipita kwa shida gari linakuwa gumu, yakipita kwa urahisi linakuwa laini, na kiwanda kimeshakuchagulia ukubwa wa matundu hayo. Amotisa ya umeme ina vali inayofunguka na kujifunga kulingana na umeme inaoletewa. Anayeamua kiasi cha umeme huo, gurudumu kwa gurudumu, mara nyingi ndani ya sekunde moja, ni kalkulateri. Porsche huuita mfumo wake PASM, BMW huuita EDC, na Nissan GT-R R35 ya mwaka 2007 ilitoka kiwandani na amotisa za aina hii zilizotengenezwa na Bilstein.

Kalkulateri ya kiwanda ina programu iliyofungwa, huwezi kuigusa. Ile ya kubadilisha, ndiyo kidhibiti chenyewe, inachomekwa pale pale, kwa fishi ile ile, ikiamrisha amotisa zile zile, ila majedwali yake, yale yanayosema ikaze kiasi gani na lini, yako wazi na unaweza kuyarekebisha kwa kompyuta. DSC Sport ndilo jina ambalo wateja wetu wa Porsche na GT-R hulitaja zaidi.

Nikitia hii kitu, mutuka itakuwa laini sawa Land Cruiser?

Hapana, papa. Springi zinabaki zile zile, na kidhibiti hakizigusi. Matairi nayo yanabaki yale yale, yenye ukuta mwembamba kama chapati. GT-R ina rimu za inchi 20 na matairi ya kutembea hata bila upepo, ambayo kuta zake ni ngumu kwa makusudi. Kinachoondoka ni ule ukali, lile pigo linalofika kwenye kiuno kila lami inapokatika. Gari litabaki la spoti. Anayetaka Land Cruiser anunue Land Cruiser. Mjini hapa hazikosekani.

Mbona kiwanda hakikuweka programu nzuri tangu mwanzo?

Kiliweka nzuri, ila hakikukufikiria wewe. Porsche hujaribia magari yake Weissach, kituo chake cha majaribio, na kwenye Nürburgring, kiwanja cha mbio cha Ujerumani, na GT-R nayo ilinolewa huko huko Nürburgring. Hakuna aliyekaa mezani akafikiria barabara ya Kipushi baada ya mvua za Februari.

Swali hili lina undani, tuvumiliane kidogo. Gari lina mienendo miwili inayogombana. Bodi hupanda na kushuka polepole kama mtumbwi, mara 1 au 2 kwa sekunde. Gurudumu lenyewe, likigonga ukingo wa shimo, hutetemeka haraka mno, mara 10 hadi 15 kwa sekunde. Ukikaza amotisa ili kuutuliza mtumbwi, kila kokoto linapanda mpaka mgongoni. Ukilegeza ili kokoto lisisikike, mtumbwi unayumba. Amotisa isiyo na umeme haina budi kukaa katikati na kukuudhi kidogo pande zote mbili.

Mwaka 1974 mhandisi Dean Karnopp na wenzake huko Marekani walichapisha njia ya kutokea. Chukulia kwamba bodi imefungwa kamba kwenye anga lisilotikisika, wakasema. Basi amotisa ikaze pale tu nguvu yake inapoituliza bodi, na ilegee pale nguvu hiyo ingeitikisa zaidi. Mifumo mingi ya leo imebeba chembe ya wazo hilo. Lakini kalkulateri nyingi za kiwanda, hasa za miaka ya nyuma, hufanya jambo rahisi zaidi: zina ugumu wa chini ambao haushuki tena, uliopangwa na kitufe ulichobonyeza, kisha huongeza juu ya hapo. Huo ugumu wa chini ndio unaotuumiza huku kwetu. Ubora wa kidhibiti cha kubadilisha ni kwamba unaweza kuushusha wakati gari linatembea taratibu na limenyooka, halafu ukauleta ugumu wakati wa breki, kona au mwendo mkubwa.

Kinaliona shimo kabla gurudumu halijaingia?

Muuzaji atakujibu ndiyo. Sisi tunakujibu: angalia gari lako lina sensa gani.

Kuna magari machache yanayoiangalia barabara kwa kamera; Mercedes S-Class ya mwaka 2013 ilikuja na mfumo wa namna hiyo. Gari lako la spoti yaelekea halina. Yaliyo na sensa karibu na magurudumu, za kupima kimo au mtikisiko, yanajua gurudumu limeanza kusogea na yanaweza kulegeza amotisa wakati pigo likiendelea. Yasiyo nazo hutegemea sensa ya mwendo iliyo ndani ya kisanduku na habari zinazopita kwenye nyaya za mawasiliano za gari: kasi, usukani, breki, kanyagio la mafuta. Kidhibiti cha namna hii hakilijui shimo hata kidogo. Kinajua tu kwamba hujashika breki wala hujakata kona, hivyo hakuna sababu ya kukaza.

Tofauti hii ni kubwa kuliko jina lililoandikwa kwenye kasha. Kama gari lako ni la aina ya pili, ulaini wote utatoka kwenye jedwali la kasi, na kulipanga jedwali hilo ndiyo kazi yenyewe.

Nianze wapi kabla ya kutoa pesa?

Anza chini ya gari. Nusu ya wanaokuja kwetu wakitaka kidhibiti, wanachohitaji ni matairi.

Mwaka jana ililetwa Porsche 911 moja ambayo mwenye gari alisema "inapiga sana mbele, kalkulateri imekufa". Tuliipandisha juu ya shimo la garaji. Kifuniko cha mpira kinachoikinga fimbo ya amotisa, upande wa kulia, kilikuwa kimechanika na kushuka chini kama soksi iliyolegea. Fimbo ilikuwa imepakwa vumbi jekundu lililochanganyika na mafuta, tope laini kabisa, na ukipitisha kidole ulihisi mikwaruzo. Vumbi la kiangazi, kuanzia Mei mpaka Septemba, limekuwa likiingia pale na kuila sili, ule mpira unaozuia mafuta yasitoke. Amotisa ile ilikuwa imebaki na mafuta kidogo. Hakuna kompyuta duniani inayoweza kuyaamrisha mafuta yaliyomwagika kwenye barabara ya Chaussée de Kasenga.

Basi tazama sili na fimbo. Shika silambloki za mikono ya chini kwa chuma cha kupenyeza. Mpira ukiwa umepasuka, gari litagonga hata ukiweka kidhibiti cha ndege. Soma tarehe ya tairi: tarakimu nne ubavuni, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi la miaka minane limekuwa mti. Halafu pima upepo asubuhi, gari likiwa baridi, ufuate kibandiko cha mlangoni, si kichwa cha kijana wa kando ya barabara ambaye huwawekea wote sawa, lori na Porsche. Tumewahi kumrudisha mteja nyumbani amefurahi baada ya kutoa upepo uliozidi, na hatukumdai kitu. Alirudi kwa silambloki baadaye, kwa hiyo hatukupata hasara.

Taa ya amotisa imewaka kwenye dashibodi. Nikibadilisha kidhibiti itazimika?

Pengine, na pengine utakuwa umetupa pesa. Taa ile husema mlolongo una tatizo, haisemi ni wapi. Soma kwa valize kwanza. Kisha pima ukinzani wa koili za amotisa zote nne: zinapaswa kukaribiana, na ile inayotofautiana sana na wenzake wa ekseli moja ndiyo ya kushukiwa. Angalia fishi karibu na gurudumu, kwa maana maji na tope hukaa hapo.

Na angalia masi. Hili nalisema kwa aibu. Nilimwambia mteja mmoja kwamba kalkulateri yake imekufa, kwa sababu amotisa zote nne zilikuwa hazijibu na mimi nilikuwa na haraka. Aliagiza nyingine, akasubiri wiki sita. Ilipofika nikaichomeka, na taa ikabaki pale pale ikinitazama. Waya wa masi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi, ulikuwa umeota kutu ya kijani chini ya boliti yake. Dakika kumi na msasa zikamaliza kazi. Kazi ile sikumtoza, na sehemu ya bei ya kisanduku niliibeba mimi. Tangu hapo boliti za masi huzisafisha kabla ya kufungua mdomo.

Kufunga kunachukua muda gani?

Saa moja, au mbili ikiwa viti au vifuniko vya ndani vinatoka. Ondoa kwanza ncha ya betri. Usikate waya wowote. Fundi akikuambia lazima akate, amenunua kisanduku kisicho cha gari lako.

Mipangilio gani inafaa barabara zetu?

Hapa ndipo fundi anapopata chakula chake. Faili inayokuja na kisanduku ni mwanzo tu, na ile uliyopewa na rafiki anayekimbiza gari lake kiwanjani Ulaya usiitie kabisa.

Kwanza hifadhi faili ya awali kwenye kompyuta na kwenye flashi. Halafu chagua njia moja ya kujaribia na usiibadilishe. Yetu inaanzia kwenye dodane karibu na garaji, inavuka reli, inakwenda kipande cha kuelekea Kipushi ambako viraka vimebebana, kisha inatoka barabara ya Likasi kwa ajili ya mwendo mkubwa. Kwenda Likasi ni kilomita kama 120 na hatuhitaji kufika; kabla ya peaje tumeshajua. Barabara ile imelemewa na malori ya shaba na kobalti, na magurudumu yao yameibonyeza lami ikawa na mifereji miwili. Gari pana la spoti likiwa na matairi mapana hufuata mifereji hiyo kama mbwa anayefuata harufu. Hilo kidhibiti hakiliponyi. Ni matairi na mpangilio wa magurudumu. Tunalitaja kwa sababu tunalaumiwa kwalo.

Badilisha kitu kimoja kwa mara moja. Kwenye 911 ya kizazi cha 997 tuliyoifanyia kazi, ugumu chini ya 60 km/h ulikuwa asilimia 35 katika faili ya muuzaji. Tukashusha hadi 15. Viraka vya Kipushi vikawa kama vimepigwa pasi, mwenye gari akaanza kuimba. Kisha tukarudi kwenye dodane, na gari likashuka kwa uzito wote na kugonga mpira wa mwisho wa amotisa, du! Tukapandisha hadi 22. Hapo likapita dodane likainama mara moja na kutulia.

Mteja huyo hakutosheka na maneno yetu. Alimchukua mama yake mzazi, ambaye alikuwa amekataa kupanda gari hilo tangu lilipotoka duwane, akampeleka soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, na mama akarudi na treya ya mayai mapajani. Alishuka mbele ya garaji, akayapekua moja moja bila haraka, sisi wote tumesimama kama wanafunzi wanaongoja matokeo. Akasema: "Mutuka ingali ngumu kidogo, lakini haitukane tena."

Baada ya kasi, nenda kwenye breki. Ongeza ugumu wa mbele gari linapopunguza mwendo ili pua isizame, lakini pole pole: huku kwetu breki nyingi hushikwa juu ya shimo lenyewe, dereva amelichelewa kuliona, na amotisa ngumu wakati huo ndiyo inayovunja rimu. Kona ziache karibu na alivyoweka muuzaji. Mjini hakuna anayekata kona kwa nguvu kiasi hicho, isipokuwa vijana wa Jumapili usiku, na hao hawaombi ulaini.

Gari laini halitakuwa hatari likikimbia?

Litakuwa, kama ukililegeza kila mahali. Ndiyo maana jedwali lina kasi. Juu ya 100 km/h rudisha ugumu karibu na wa kiwanda, na mabadiliko kati ya hatua moja na nyingine yawe mteremko, yasiwe ngazi, la sivyo utasikia gari likibadilika tabia ghafla katikati ya kulipita lori. Ukijaribu, jaribu mchana, barabara ikiwa kavu, na mwenzako ndiye ashike kompyuta.

Kuna jambo la kujua pia: kidhibiti kikikata kabisa, amotisa za vali hubaki katika hali aliyoichagua mtengenezaji wake, na kwa baadhi hali hiyo ni ya kukaza. Uliza kabla ya kufunga, ili siku ikitokea usidhani springi imekatika.

Gari langu lina amotisa za sumaku. Ni kitu kimoja?

Lengo ni moja, njia ni nyingine. Ndani ya amotisa za sumaku, ziitwazo MagneRide, hakuna vali: mafuta yenyewe yana chembe za chuma, na koili iliyo kwenye pistoni ikipata umeme chembe hujipanga na mafuta kuwa mazito papo hapo. Mfumo huu ulianza kuuzwa kwenye Cadillac Seville STS ya 2002, ukaingia Corvette, kisha Audi TT na R8. Bila umeme, mafuta hayo huwa mepesi, hivyo hitilafu hulifanya gari liyumbe badala ya kuwa gumu. Kisanduku cha amotisa za vali hakiwezi kuamrisha za sumaku, hata fishi zikifanana.

Aliyeniuzia alishatoa amotisa za umeme akaweka za kawaida. Kidhibiti kitasaidia?

Hapana. Hakuna cha kuamrisha.

Kitanyanyua pua isikwaruze kwenye dodane?

Hapana tena. Kunyanyua pua ni kazi ya mfumo mwingine wa mafuta au wa upepo. Dodane ipande kwa mshazari, gurudumu moja kwanza, na wanaopiga honi nyuma waache wapige.

Nikiagiza, nitaje nini ili nisiletewe kisichoingia?

Namba ya chasi yote, mwaka, na picha ya kibandiko cha kalkulateri iliyopo sasa. Usiandike tu "Porsche 911". Kati ya kizazi na kizazi fishi hubadilika, na lugha inayozungumzwa kwenye nyaya hubadilika. Kama gari lilitoka Japani kupitia Dar es Salaam na mpaka wa Kasumbalesa, usukani kulia, sema hivyo pia. Mara nyingine kalkulateri hukaa upande mwingine na nyaya ni fupi.

Kasha ni dogo na jepesi, kwa hiyo wengi humwomba msafiri alibebe. Ni sawa, ila faktira ya kweli iwe ndani yake. Duwane wakiona kisanduku cha umeme chenye nyaya bila karatasi, mtakaa hapo mpaka jioni mkielezana amotisa ni nini.

Gharama ni kiasi gani?

Kisanduku, usafiri na duwane hubadilika, muulize muuzaji siku hiyo hiyo. Kwetu unalipia kufunga na nusu siku ya kupanga. Kuna yaya mmoja, yaani kaka mkubwa, aliyekataa kulipia kupanga, akasema faili ya muuzaji inatosha. Gari lake likapata ulaini wa Ujerumani kwenye mashimo ya mtaa wa Katuba. Akarudi wiki ya pili.

Mvua na kuosha gari?

Kuanzia Novemba angalia zulia la ndani, hasa pembeni mwa mahali kalkulateri ilipo. Likiwa na unyevu, tafuta mlango au mfereji wa paa ulioziba kabla maji hayajafika kwenye fishi. Wanaoosha kwa mashine ya shinikizo waambie wasilenge ndani ya upinde wa gurudumu kwa karibu.

Nikiuza gari, naweza kurudisha cha kiwanda?

Ndiyo, kwa muda ule ule wa kukifunga. Kile cha zamani kikaushe, kifunge kwenye mfuko pamoja na karatasi yenye namba ya chasi, ukiweke nyumbani kabatini. Si kwenye buti. Tumekikuta kimoja kwenye buti, chini ya mfuko wa saruji.